Siku Moja Katika Karakana ya Wanafunzi wa Usanifu Majengo, Kisumu

Mimi ni fundi sanifu katika idara ya usanifu majengo ya chuo kikuu kimoja hapa Kisumu. Wengi wanaposikia hivyo hudhani kwamba kazi yangu ni kukaza skrubu za viti na kuuza karatasi, na baadhi ya wazazi wanaokuja siku ya usajili hunipita mlangoni wakiwauliza wengine walimu wako wapi. Kila mwaka idara inapotangaza mafanikio ya wanafunzi wake, picha huonyesha mfano wa jengo uliokamilika na mwanafunzi anayetabasamu kando yake. Saa zilizozaa mfano huo hazionekani, na sehemu kubwa ya saa hizo hupita katika chumba changu. Ndiyo maana nimeona niandike habari za siku moja, Alhamisi ambayo wanafunzi wa mwaka wa nne walitetea kazi zao mbele ya jopo.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilishuka kwenye bodaboda langoni. Mlinzi alinisalimu kwa Kijaluo, "Oyawore, Nyar Ugenya," yaani habari za asubuhi, binti wa Ugenya, kisha akaongeza, "Watoto wako hawajalala." Alikuwa amesema kweli, kwa sababu taa za studio zilikuwa bado zinawaka na chini ya meza walilala vijana wawili waliojifunika makoti. Kufikia saa moja nilikuwa nimefungua stoo, nimebadilisha nyembe za visu, nimekagua kinga ya msumeno wa meza na kufagia vumbi la plaiwudi la jana.

Kazi waliyopewa muhula huu ilikuwa kusanifu soko la samaki katika ufuo wa Dunga, hapa Kisumu kando ya Ziwa Victoria, lenye ukumbi wa kuuzia, tanuri za kukaangia na kukaushia samaki, na mahali pa kuanikia omena. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Mwaka wa 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita viwango vilivyozoeleka na kufunika sehemu za fukwe zetu, kwa hiyo mwanafunzi hawezi kuchora sakafu popote anapopenda. Joto la tanuri lazima lipate njia ya kutoka, moshi usirudi machoni mwa wachuuzi, na mvua ya jioni inayokuja na upepo mkali isiwafikie wateja.

Saa moja na nusu alikuja binti mmoja akiwa amebeba mfano wake wa kipimo cha 1:50, yaani sentimita moja ya mfano kwa sentimita hamsini za jengo, kwa mikono miwili. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumeondoa ukuta wake mmoja na kuweka plastiki angavu mahali pake ili tuone ndani. Tuliwasha balbu ndogo pale palipopaswa kuwa na tanuri, kisha akaingiza kijiti cha ubani kinachofuka. Katika mfano wake wa kwanza moshi ulikuwa umepanda hadi darini, ukazunguka na kushuka tena, kwa kuwa matundu ya kuingizia hewa na ya kuitolea yalikuwa karibu kimo kimoja. Sikumpa jibu, nilimwachia moshi umfundishe. Alirudi kwenye meza, akashusha matundu ya kuingilia hadi karibu na sakafu, akainua paa la kati juu ya mengine na kuacha mwanya mrefu chini yake. Asubuhi hiyo tulirudia jaribio. Uzi wa moshi ulinyooka kutoka kwenye balbu, ukaegemea kidogo upande wa ziwa, ukapenya kwenye mwanya wa juu na kutoweka. Alisimama akiutazama bila kusema neno, kisha akachukua penseli na kuandika vipimo vya mwanya ule kwenye mkono wake, kwa kuwa daftari alilisahau studio.

Baada ya hapo tuliupeleka mfano huohuo chini ya taa ninayoitumia kuiga jua. Vitabu vingi vya fani hii viliandikwa Ulaya, ambako jua la adhuhuri huwa upande wa kusini mwaka mzima. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua la adhuhuri huegemea kaskazini kwa takriban nyuzi 23, na Desemba huegemea kusini kwa kiasi kama hicho. Anayenakili paa la kitabuni bila kufikiri atawapa wachuuzi kivuli miezi sita na kuwaunguza miezi sita. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zenye taabu zaidi, maana jua la asubuhi na la jioni huingia likiwa chini na ukingo wa paa haulizuii. Haya mwanafunzi anaweza kuyasoma, lakini nimeona mara nyingi kwamba huyaamini siku anapoiona taa ikipenya hadi katikati ya sakafu aliyoidhania ina kivuli.

Saa mbili na robo nilifungua chumba cha plota, mashine ya kuchapisha michoro mikubwa, na hapo ndipo siku ilipobadilika sura. Foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi. Jopo lilitarajiwa saa nne, na kila mmoja alikuwa na karatasi kadhaa kubwa za A1. Wa tatu katika foleni alikuwa kijana mwenye karatasi nne, zote zimepakwa weusi kutoka pembe hadi pembe, na katikati ya giza hilo taa ndogo za soko.

"Mwalimu, ni mandhari ya usiku," alinieleza. "Nataka jopo lione jinsi soko litakavyong'aa."

Nilimwambia kwamba weusi wa namna hiyo humeza wino uliotengwa kwa darasa zima, kwamba karatasi yetu nyepesi hulowa na kujikunja kabla haijakauka, na kwamba mistari yake myembamba ingezama isionekane. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniomba tena. Nikamwonyesha karatasi ya mwaka uliopita iliyoharibika vivyo hivyo. Akasema yake ingekuwa tofauti. Nikamshauri ageuze rangi, mandhari yawe meupe na mistari iwe myeusi, kazi ya dakika chache tu. Akasema kompyuta yake ilikuwa nzito na faili lilichukua muda mrefu kufunguka. Nyuma yake wenzake walianza kunung'unika, mmoja akamwita kwa sauti aondoke, mwingine akaniomba nimruke. Sikutaka kumruka, kwa sababu alikuwa ameamka mapema akapanga foleni kama wengine na ana haki yake. Tulikubaliana nimchapishie moja aione kwa macho yake, kisha aamue kuhusu tatu zilizobaki.

Mashine ilianza kwenda na kurudi juu ya karatasi hiyo taratibu, ikipaka weusi wa usiku wa Dunga, na kila ilipogeuka nilihesabu moyoni wanafunzi waliosubiri. Saa tatu kasoro dakika kumi, ikiwa imefika nusu ya karatasi, stima ikapotea.

Wasiofanya kazi hii huenda wasielewe maana ya stima kupotea katikati ya karatasi. Vichwa vya wino hubaki wazi na kuanza kukauka. Hata umeme ukirudi, mashine hukataa kuendelea pale ilipoishia, hudai kusafishwa, na usafishaji hunywa wino uleule unaotaka kuuhifadhi. Jenereta ya chuo huhudumia jengo la utawala, na waya wake haujafika kwetu. Nilipiga simu kwa msimamizi wa majengo, nikaambiwa fundi yuko njiani. Nilipiga tena, nikaambiwa hivyo hivyo. Saa tatu na nusu ilifika, wanafunzi wawili walikuwa wakilia kimyakimya kwenye ngazi, na mmoja alikimbilia mjini kutafuta duka la kuchapishia, lakini alirudi mikono mitupu kwa sababu huko pia hapakuwa na umeme.

Niliamua kuacha kusubiri. Nilisogeza meza zote mbili ndefu karibu na madirisha, nikatoa bunda la karatasi za tresing zinazopenyeza mwanga, penseli na rula za chuma, nikawaambia kila ambaye hajachapisha achore kwa mkono mkato mmoja wa jengo lake, kwa kipimo cha 1:50, kutoka msingi hadi paa, yaani mchoro wa jengo kana kwamba limekatwa wima na kufunuliwa ndani. Nilichagua mkato kwa sababu humlazimisha mchoraji kusema ukweli. Sura ya nje inaweza kupendeza hata kama aliyeichora hajui jengo linasimamaje. Mkato humuuliza sakafu ina unene gani, maji yanakwenda wapi, na paa limeshikwa na nini.

Yule kijana wa karatasi nyeusi alisimama mbali. Aliniambia kwamba tangu mwaka wa kwanza hajachora kwa mkono kitu chochote cha maana. Nikamjibu, "Mwanangu, jengo ni lako na unalijua. Kaa hapa karibu na mwanga." Alikaa. Kwa muda mrefu hakuchora kitu. Kisha akaanza na mstari wa ardhi, akaweka alama ya kimo cha maji, na kuanzia hapo hakuinua kichwa tena.

Jopo lilianza saa nne na nusu bila projekta. Walikuwepo wahadhiri watatu, msanifu mmoja aliyesajiliwa mwenye ofisi yake mjini, na mama mchuuzi wa samaki kutoka Dunga aliyealikwa na idara. Kwa maoni yangu mwaliko wa mama huyo ni miongoni mwa mambo mazuri zaidi ambayo idara yetu imewahi kufanya. Aliinama mbele ya kila mfano, akatafuta mahali ambapo yeye mwenyewe angeketi, na kuuliza lilelile: "Maji yakipanda kama ule mwaka, meza yangu itakuwa wapi?" Wenye picha za kung'aa walibabaika. Binti wa ubani alionyesha sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo, kisha akawasha kijiti chake mbele yao wote, na mama yule akacheka kwa furaha alipouona moshi ukitokea juu.

Yule kijana wa karatasi nyeusi aliulizwa maji ya mvua ya paa lake kubwa yanaelekea wapi. Hakuwa amelifikiria hilo. Lakini kwa kuwa mchoro wake ulikuwa wa penseli, mhadhiri alimpa penseli palepale, naye akachora mfereji wa paa, bomba na tangi mbele ya jopo, akafuta, akachora upya tangi likiwa juu zaidi ili lisizame mafuriko yakija. Walikaa naye muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote asubuhi ile. Hakupata alama za juu kabisa, na sidhani alizistahili, lakini aliondoka akijua maji ya jengo lake yanapita wapi.

Baada ya hapo saa zilichanganyika. Nilikula ugali na omena nikiwa nimesimama. Stima ilirudi wakati fulani alasiri na nikatumia muda mrefu kuisafisha plota, kisha kuchapisha kazi za waliohitaji kuweka kumbukumbu. Mmoja wa mwaka wa pili alijikata kidole kwa sababu alitaka kukata kadibodi nene kwa mkono mmoja na kwa pigo moja. Nilimfunga bandeji, nikamketisha na kumwonyesha tena: pitisha kisu kwa wepesi mara tatu au nne katika mstari uleule, na vidole vya mkono mwingine vikae nyuma ya rula. Miguu yangu ilikuwa imevimba na sauti imekauka.

Katikati ya uchovu huo binti wa ubani alikuja kuniambia kwamba yule msanifu wa mjini amemwita afanye mafunzo ofisini kwake likizo ndefu. Nilimshika mikono. Fursa ya namna hii ni kubwa, kwa kuwa shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa msanifu majengo nchini Kenya. Sheria ya fani hii, Sura ya 525, inataka usajili wa BORAQS, bodi inayosajili wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, na kabla ya kusajiliwa kuna kazi chini ya mtaalamu pamoja na mitihani. Anayeingia ofisi nzuri akiwa bado mwanafunzi hujifunza mapema jinsi mchoro unavyogeuka kuwa zege na mabati.

Nilimkumbusha habari za msanifu majengo Francis Kéré wa Burkina Faso, ambaye shule ya msingi ya kijiji chake cha Gando ilikamilika mwaka wa 2001 akiwa bado mwanafunzi mjini Berlin, miaka mitatu kabla ya kuhitimu. Ilijengwa kwa matofali ya udongo na wanakijiji wenyewe, na paa la bati likainuliwa juu ya dari ili hewa ipite kati yake. Mwaka wa 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya usanifu majengo. Hapa kwetu Kenya, karibu na Ziwa Turkana, kuna kituo cha teknolojia alichokisanifu, Startup Lions, kilichokamilika mwaka wa 2021, chenye minara mirefu ya kutolea hewa moto iliyobuniwa kwa kuangalia vichuguu vya mchwa. Jambo alilolitafuta binti huyu kwa balbu na kijiti cha ubani ni lilelile.

Jioni idara ilituma picha za siku hiyo kwa wafanyakazi wote, ikawapongeza wanafunzi na wahadhiri kwa haki. Karakana haikutajwa. Katika makadirio ya fedha ya mwaka tumeandikwa pamoja na sabuni na mifagio, na nyembe ninazoagiza hupunguzwa kila mara na watu ambao hawajawahi kukata kadibodi. Sidai kupigwa picha. Ninachodai, na nimeshaandika barua kukidai, ni kwamba saa za karakana ziwekwe kwenye ratiba ya masomo kama somo lolote lingine, na waya wa jenereta ufikishwe chumba cha plota kabla ya jopo lijalo.

Nilifunga stoo giza likiwa limeshaingia, baada ya kuwaandalia wa mwaka wa kwanza futi za kupimia na mbao za kuandikia. Jumatatu tunawapeleka soko la Kibuye wapime vibanda halisi, kimo cha meza, upana wa njia na urefu wa mkono wa muuzaji anayefikia bidhaa yake, na nimewaambia wafike kabla ya saa moja, wakati wachuuzi wanapopanga mali.