Umeme umerudi, mashine imewaka, sistimu haifunguki

Simu hii kila fundi wa kompyuta Arusha anaijua kabla hajaipokea. Umeme ulikatika usiku, ukarudi alfajiri, sasa ni saa mbili asubuhi na mtu wa mapokezi anasema: "Fundi, mashine imewaka ila sistimu haifunguki." Anaambiwa azime na kuwasha upya. Anafanya hivyo, inakubali, watu wanaendelea na kazi. Mwezi ujao, yale yale.

Hilo jibu la "zima uwashe" lina taarifa ndani yake, na wengi huiacha ipite. Kitu kikikataa pale jengo zima linapowaka kwa mkupuo, kisha kikakubali mashine inapowashwa peke yake dakika kumi baadaye, diski haina tatizo na programu haina tatizo. Tatizo ni foleni. Kuna huduma, yaani programu inayofanya kazi nyuma ya pazia, imeamka kabla ya kitu inachokitegemea.

Hebu tuchukue ofisi ya kawaida ya safari pale Njiro: kompyuta ndogo yenye SSD (diski ya kasi) na Debian 12 (aina ya Linux), PostgreSQL 15 (hifadhidata), programu ya booking, diski ya nje ya bekapu, swichi ya mtandao, na ruta ya faiba. Umeme ukirudi vyote huwaka sekunde moja. Kompyuta yenye SSD inaweza kuwa tayari ndani ya nusu dakika. Ruta bado inawasha taa moja moja. Tofauti hiyo ya dakika moja au mbili ndiyo inayozaa simu za asubuhi.

Mpaka keneli (moyo wa Linux) inapopakiwa, huna mengi ya kupanga. BIOS au UEFI (programu iliyo kwenye bodi ya mashine) inaita GRUB, GRUB inapakia keneli na initramfs (mfumo mdogo wa kuanzia), mfumo wa faili unapatikana, kisha keneli inaanzisha mchakato namba 1. (Humo kwenye BIOS hakikisha tu kwamba mashine imewekwa ijiwashe yenyewe umeme unaporudi.) Kwenye Debian tangu toleo la 8 la mwaka 2015, na Ubuntu tangu 15.04 ya mwaka huohuo, mchakato namba 1 ni systemd, msimamizi anayewasha huduma nyingine zote. Zamani mambo yalikwenda kwa namba: faili zenye majina kama S20 na S80 zikiitwa moja baada ya nyingine, kila moja ikimsubiri mwenzake amalize. Ilikuwa polepole lakini ilieleweka. systemd inaanzisha kila kitu kwa pamoja kadiri inavyoweza, na inasubirisha pale tu ulipoiambia isubirishe. Usipoiambia, haikuulizi.

Sasa kiini cha jambo. Kila huduma ina faili yake ya maelekezo, na humo systemd inatenganisha maswali mawili ambayo kichwani mwetu ni moja: nani anamhitaji nani, na nani anatangulia. Fikiria machalari. Bila nyama na ndizi hakuna machalari. Karoti ikikosekana chungu bado kinaliwa. Hilo ni suala la mahitaji: `Requires=` ni nyama, `Wants=` ni karoti. Lakini kwamba nyama ichemke kwanza ndipo ndizi ziingie, hilo ni suala jingine kabisa, na neno lake ni `After=`. Ukiandika `Requires=` bila `After=`, umemwambia mpishi atumie nyama na ndizi, naye amezitumbukiza zote kwa pamoja. Ndizi zimevurugika, nyama bado ngumu. Na ukiandika `After=` peke yake, umesema "nyama ikiwepo itangulie", ila hujasema iletwe. Karibu kila mara unataka mistari yote miwili.

Kati ya `Requires=` na `Wants=`, mimi naegemea `Wants=`. Ukiweka `Requires=` kwa PostgreSQL, siku ukiisimamisha kwa muda mfupi ili ufanye marekebisho, programu ya booking nayo inasimamishwa. Ukiwasha PostgreSQL tena, booking hairudi yenyewe. Utaondoka ofisini ukidhani umemaliza.

Kwenye Debian kuna mtego wa ziada hapa. `postgresql.service` ni jina la mwavuli tu. Amri yake ni `/bin/true`, yaani haifanyi kitu, inafaulu siku zote. Hifadhidata yenyewe inaendeshwa na `postgresql@15-main.service`. Ukiutegemea mwavuli, utaambiwa kila kitu ni kijani hata kama hifadhidata imegoma. Taja jina kamili.

Halafu kuna jambo linalowaponza hata wazoefu: kutangulia si kufika. `After=` husubiri mpaka huduma ya kwanza ihesabike kuwa imeanza, na maana ya "imeanza" inategemea `Type=` yake. Kwa `simple`, imeanza mara tu mchakato unapozaliwa, hata kama bado inasoma faili zake na haijafungua mlango wowote. Kwa `oneshot`, imeanza ikimaliza kazi. Kwa `forking`, mchakato mzazi unapotoka. Kwa `notify`, huduma yenyewe inatuma ujumbe kwamba iko tayari, na hii ndiyo bora kuliko zote kama programu yako inaiweza. Ukijiandikia programu yako ya Python au Node na kuiacha `simple`, jua kwamba chochote kinachoisubiri kinasubiri hewa.

PostgreSQL baada ya umeme kukatika ghafla ina kazi ya ziada: inasoma WAL (daftari lake la mabadiliko) na kurudisha miamala ambayo haikuwahi kuandikwa kwenye faili zake. Muda wake hutegemea wingi wa kazi iliyokuwepo. Wakati huo mchakato upo, lakini ukiugonga unakujibu kwamba hifadhidata inaanza. Ndiyo maana kwenye faili ya booking tunasubiri jibu, si mchakato:

```
[Unit]
Description=Programu ya booking
Wants=postgresql@15-main.service
After=postgresql@15-main.service
StartLimitIntervalSec=0

[Service]
User=booking
ExecStartPre=/bin/sh -c 'until pg_isready -q; do sleep 1; done'
ExecStart=/opt/booking/bin/seva
TimeoutStartSec=180
Restart=on-failure
RestartSec=5

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Faili inakaa `/etc/systemd/system/booking.service`. Baada ya kuihifadhi: `systemctl daemon-reload`, kisha `systemctl enable --now booking`. Kosa la kwanza kwa wingi ni kutoa `start` bila `enable`. Inafanya kazi vizuri mpaka siku mashine inapozimwa.

Mistari mitatu hapo inahitaji maelezo. Muda wa kawaida wa kuanza ni sekunde 90, na `ExecStartPre` nao unahesabiwa humo, ndiyo maana tumeupandisha hadi 180. `RestartSec` isipoandikwa ni milisekunde 100, na systemd inakata tamaa huduma ikijaribu kuanza zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 10. Piga hesabu: huduma inayokufa papo hapo kwa sababu ruta haijawaka inamaliza nafasi zake zote ndani ya sekunde moja hivi, kisha inaachwa imelala mpaka mtu aje. Kwenye logi (kumbukumbu za mashine) utaona `Start request repeated too quickly`. Wengi hudhani `Restart=always` inatosha, na wanashangaa "always" imeishia wapi. Kwa sekunde 5 kati ya jaribio na jaribio hufikii kikomo hicho, na `StartLimitIntervalSec=0` inakiondoa kabisa.

Tuje kwenye mtandao, ambako ndiko kwenye uongo mwingi. `network.target` (target ni kama kituo ambacho huduma husubiriana) haimaanishi kwamba mtandao upo. Inamaanisha kwamba programu ya kusimamia mtandao imeanzishwa, basi; faida yake kubwa iko wakati wa kuzima mashine, ili huduma ifungwe kabla mtandao haujaondolewa. Ukitaka anwani ya IP iwe imepatikana, andika `network-online.target`, kwenye `Wants=` na kwenye `After=`, zote mbili. Nyuma yake lazima kuwe na huduma inayosubiri kweli: `NetworkManager-wait-online` au `systemd-networkd-wait-online`, kutegemea unatumia ipi. Ya pili husubiri hadi sekunde 120 ikiachwa kama ilivyo. Na bado, kupata IP kutoka kwenye ruta si kupata intaneti. Faiba inaweza kuwa haijashika. Programu inayotuma malipo au risiti nje ya ofisi inapaswa kujaribu tena yenyewe. Hakuna mstari wa systemd utakaoiokoa.

Kwa kompyuta inayohudumia watu wa ndani ya ofisi, mimi nisingeweka `network-online.target` kabisa. Iache programu isikilize `0.0.0.0`, yaani anwani zote za mashine, badala ya `192.168.1.10`. Ukiifunga kwenye anwani moja na anwani hiyo haijafika, inakufa na `Cannot assign requested address`. Ikisikiliza kote, inaanza bila wasiwasi na mtandao unaikuta pale pale.

Saa nayo ni mtandao kwa njia nyingine. Betri ya CR2032, ile ndogo inayotunza saa ya mashine, ikiisha, mashine inaamka ikiwa nyuma ya wakati, na vyeti vya TLS (vya usalama wa mawasiliano) vinakataliwa kwa kuwa "havijaanza kutumika". Betri ni ya bei ndogo, badilisha. Ipo `time-sync.target`, ukiwezesha `systemd-time-wait-sync.service`, lakini huduma hiyo imewekwa isubiri bila kikomo. Ofisi isiyo na intaneti siku hiyo haitafunguliwa mpaka jioni. Kwa booking ya ndani, usiiweke.

Diski ya bekapu ndiyo inayoangusha mashine nzima. Mtu ameichomoa akaipeleka Moshi, umeme ukakatika, ukarudi. Mstari wa `/etc/fstab`, orodha ya diski za kupachikwa, unaitaka, systemd inaisubiri sekunde 90, kisha inaingia hali ya dharura: skrini nyeusi inayotaka nenosiri la root (mtumiaji mkuu wa mashine). Kama root imefungwa, unaambiwa hivyo tu, na huingii. Dawa:

```
UUID=...  /hifadhi  ext4  defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10s  0  2
```

Weka UUID halisi (kitambulisho cha diski) kutoka `blkid`. Lakini `nofail` ina deni lake. Diski yenye neno hilo haisubiriwi tena na mashine, kwa hiyo huduma ya bekapu inaweza kuanza kabla diski haijapachikwa, ikaandika kwa furaha ndani ya folda tupu ya `/hifadhi` kwenye SSD. Diski inakuja juu yake na kuzifunika hizo faili; SSD inajaa na huoni kilichoijaza. Kwenye `[Unit]` ya bekapu ongeza `RequiresMountsFor=/hifadhi`. Mstari huo mmoja unabeba mahitaji na mpangilio kwa pamoja.

Kama huduma si yako bali imekuja na kifurushi, usihariri faili iliyo `/lib/systemd/system`, maana sasisho litaifuta kazi yako. Tumia `systemctl edit jina`. Mambo mawili ya kukumbuka: `ExecStart=` lazima kwanza uiandike tupu ndipo uandike mpya, na `After=` haifutiki kwa njia hii, inaongezeka tu. Ukitaka kuiondoa, nakili faili nzima kwa `systemctl edit --full`.

Kutafuta kosa, watu hukimbilia `systemd-analyze blame`. Inasaidia kujua nani mzito, ila huduma za `simple` huonekana nyepesi siku zote kwa sababu zile zile za juu. Bora `systemd-analyze critical-chain booking.service`: namba baada ya `@` ni lini huduma ilikuwa tayari, baada ya `+` ni muda iliotumia kuanza. `systemctl list-dependencies --after booking.service` inaonyesha foleni yenyewe. Na kama mashine ilishawashwa upya kabla hujafika, logi ya uwashaji uliopita iko kwenye `journalctl -b -1 -u booking`, mradi folda ya `/var/log/journal` ipo.

Tafuta pia neno `ordering cycle` kwenye `journalctl -b`. A akimsubiri B, na B akimsubiri A, systemd haigandi. Inamtoa mmoja kwenye foleni na kuendelea. Huduma hiyo inakuwa haijaanza, bila hata kuonekana imeshindwa. Anayetazama orodha ya zilizofeli haioni humo.

Majaribio yafanywe Jumapili, bekapu ikiwa imeshachukuliwa na kuthibitishwa. `reboot` haipimi kitu, kwa kuwa ruta na swichi zinabaki zimewaka. Nenda kwenye swichi kuu ya umeme ya ofisi, zima kila kitu, hesabu sekunde 30, washa. Usiguse kibodi. Baada ya dakika tano fungua booking kutoka kwenye simu iliyo kwenye Wi-Fi ya ofisi. Kisha rudia ukiwa umechomoa waya wa faiba, na mara ya tatu ukiwa umechomoa diski ya bekapu.