Mgongo wa fundi cherehani: yaliyonisaidia

Mimi ni fundi wa nguo, nashonea Kibuye hapa Kisumu. Januari sare za shule zikianza kumiminika, cherehani hailali na mimi silali. Mgongo uliniuma pale chini, juu kidogo ya makalio, nikasema ni uchovu, utapita. Haukupita. Madaktari huyaita maumivu ya mgongo sugu yakizidi miezi mitatu, na yangu yalishaipita hiyo zamani.

Ushauri wa bure sokoni haukosekani. Kaa wima. Jichue na dawa ya moto. Nunua mkanda wa kiuno. Nilivifanya vyote. Kukaa wima ndiko kulikonichosha kuliko yote, maana ikifika saa nane mchana hata mabega yalikuwa yameanza kudai haki yao. Kliniki fulani ikanipiga picha, nikaambiwa pingili zimelika, nikapewa vidonge, kwaheri. Tangu siku hiyo nikawa naogopa hata ndoo ya maji, na woga huo ulinikaza mwili zaidi.

Aliyenifungua macho ni mtaalamu wa fizio, yaani anayetibu viungo na misuli kwa mazoezi, kijana wa rika la kifungua mimba wangu. Picha aliiweka kando kwanza. Akaangusha kalamu sakafuni, akasema, "Mama, hebu niokotee hiyo." Nikaokota. "Sasa rudia, lakini nisikie unapumua." Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimebana pumzi, tumbo gumu, mgongo umekakamaa, yote hayo kwa ajili ya kalamu ya shilingi ishirini.

Kuhusu picha alinituliza. Tafiti nyingi zilijumlishwa pamoja mwaka 2015, zikaonyesha diski zilizochakaa, yaani zile sahani laini za kati ya pingili, hata kwa watu wasioumwa kabisa: asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa hiyo picha peke yake haikutosha kusema kwa nini naumwa.

Kisha akanionyesha misuli. Ndani ya tumbo kuna msuli uliozunguka kiuno kama mkaja, na sisi tuliozaa mkaja tunaujua. Nyuma nako kuna misuli mifupi iliyoshika pingili moja na nyingine. Ukitaka kuinua mkono, ule wa tumbo hukaza kidogo kabla mkono haujaondoka, bila wewe kuamuru. Mwaka 1996 watafiti wa Australia, Hodges na Richardson, walionyesha kuwa kwa wenye maumivu ya mgongo msuli huo huchelewa. Ile mifupi ya nyuma nayo inaweza kusinyaa, na maumivu kupoa hakumaanishi imerudi. Kwangu mimi, alivyoniona, misuli mikubwa ya juu ndiyo iliyokuwa ikishika zamu mchana kutwa.

Zoezi la kwanza lilinichekesha kwa udogo wake. Unalala chali, magoti juu, vidole unaviweka ndani kidogo ya mifupa ya nyonga. Unatoa pumzi, unavuta tumbo la chini taratibu mpaka uhisi chini ya vidole pamekaza kidogo tu, kisha unaendelea kupumua ukiwa umelishika. Hapo kwenye kupumua ndipo penye kazi! Nikikazana sana, mbavu zinashuka na misuli ya juu inaingilia. Baadaye nikapiga magoti na viganja chini, nanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kiuno kisiyumbe. Halafu kuinama kwa kukunja nyonga, makalio yakirudi nyuma.

Mkanda? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo haupendekezi mikanda kwa kawaida. Wangu niliufumua, lastiki ikaingia kwenye sketi ya mtu.

Kibandani niliinua kiti kwa mto mgumu ili magoti yasipande juu ya nyonga. Kubwa zaidi, nikimaliza nguo nasimama. Pasi na meza ya kukatia nimevisogeza mbali kwa makusudi, nilazimike kutembea. Kijana yule aliniambia hakuna mkao mmoja mtakatifu, unaouma ni ule usiobadilishwa. Tena akakiri kwamba mazoezi yake hayashindi kwa mbali mazoezi mengine, hata kutembea. Nilimwamini zaidi kwa kusema hivyo.

Ila ukiona miguu inaishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, mkojo au choo havizuiliki, au homa na kukonda kusikoeleweka, usilale chali kufanya mazoezi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Msimu wa sare uliopita mgongo ulinikumbusha tena kwamba upo. Nikakataa oda za shule moja, jioni nikawa nakwenda hadi Kondele kwa miguu badala ya boda, na mashati yaliyobaki nikayamaliza kabla shule hazijafunguliwa.