Kona ya Rampart na Dumaine

Mwaka 2012 nilikuwa mwanafunzi New Orleans, Marekani, nikiishi chumba kimoja kisicho na mashine ya kufulia. Kila Jumamosi nilibeba furushi langu hadi duka la kufulia lililoko kona ya Rampart na Dumaine. Nimefua pale miezi mitatu bila kutazama chini.

Siku hiyo mama mmoja mtu mzima alikuwa akikunja mashuka huku mimi nikiimba kwa sauti ya chini wimbo wa Little Richard, mwimbaji wa rock and roll wa Marekani. Baba mdogo alikuwa na santuri zake kule Tanga, na nyimbo zile zilinikaa kichwani tangu utotoni. Mama akacheka. "Mwanangu, nenda mlangoni ukasome ulichokanyaga."

Nikaenda. Sakafuni pale kizingitini paliandikwa J&M Music Shop.

Miguu iliniisha nguvu. Jina hilo nalijua. Mbele hapo Cosimo Matassa aliuza santuri, na nyuma alikuwa na chumba kidogo cha kurekodia. Fats Domino, mwimbaji na mpiga piano wa mji huo, alirekodi humo "The Fat Man" Desemba 1949. Na humo humo, tarehe 14 Septemba 1955, Little Richard aliimba "Tutti Frutti", wimbo uliompa umaarufu.

Nilikaa kwenye benchi, nikatia spika za masikioni na kutafuta nyimbo zake za mwanzo kabisa, zile alizorekodia Atlanta Oktoba 1951 kwa kampuni ya RCA Victor. Alikuwa na miaka 18. Nikasikiliza "Every Hour". Ni bluzi ya polepole, na sauti ni nzuri mno, lakini ni ya kijana mwenye adabu mbele ya wakubwa, anayeimba kama walivyoimba waliomtangulia. Februari iliyofuata baba yake aliuawa kwa risasi. Santuri hazikumlisha, ikabidi aoshe vyombo kwenye kituo cha mabasi cha Macon, kwao Georgia. Watu husema nyimbo hizo za mwanzo hazina maana. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Ukizisikiliza vizuri, mwishoni mwa mstari sauti inataka kupanda, kisha inashushwa. Uzito wote wa kilichokuja baadaye uko pale.

Hata humu New Orleans alianza vivyo hivyo. Wanamuziki walikuwa mahodari, Earl Palmer kwenye dramu, Lee Allen kwenye saksafoni, na bado kazi ilidorora. Wakati wa mapumziko wakaenda kula kwenye klabu iitwayo Dew Drop Inn. Kule Richard akaona piano na watu wa kumtazama. Akaigonga na kupaza "Tutti Frutti", wimbo aliozoea kuimba vilabuni, wenye maneno yasiyofaa redioni. Bumps Blackwell, aliyesimamia kazi ile, akamwomba Dorothy LaBostrie aandike maneno mengine haraka. Saa za studio zilikuwa zinakwisha, wakabakiwa na kama robo saa tu. Siku zile wote walipiga kwa pamoja. Mmoja akikosea, mnarudia wote. Richard mwenyewe akakaa kwenye piano.

Nikauweka wimbo huo. Ule ukelele wa kwanza, kabla ala yoyote haijaingia, ulinitoa machozi mbele ya watu wanaopanga soksi. Ni koo lile lile la 1951, ila safari hii hakuna anayelishusha.

Nikainuka, nikatembea taratibu hadi ukuta wa nyuma nikihesabu hatua, nikajiuliza piano ilikaa upande gani. Yule mama alinitazama bila kusema neno, akasogeza kapu lake nipite.

Mashine yangu ya kukaushia ilikuwa imesimama zamani, nguo kavu kabisa. Nikatia sarafu nyingine, nikaiwasha tena, nikarudi kwenye benchi.