Maandiko ya Mfalme Aliyeinuka Kitandani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la juma hili linatoka Isaya 38, kuanzia mstari wa 9 hadi wa 20. Habari ya ugonjwa wa Hezekia imeandikwa pia katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 20, pamoja na machozi yake, ahadi ya kuongezewa miaka 15, na mkate wa tini uliowekwa juu ya jipu lake. Isaya, hata hivyo, ametuhifadhia jambo ambalo mwandishi wa Wafalme hakulitaja, nalo ni kwamba mfalme huyu, baada ya kuugua na kupona, aliandika shairi. Alikuwa na ufalme wa kuangalia, na Waashuru walikuwa tishio juu ya mji wake, lakini mojawapo ya mambo tunayoambiwa aliyafanya alipopata nafuu ni kupanga maneno yake vizuri ili yaimbwe kwa vinanda nyumbani mwa Bwana.

Nimekaa na shairi hili nikiwa natoka katika malaria kali iliyoniacha na upungufu wa damu. Sisi wa Kigoma hatuhitaji kuelezwa malaria ni nini, ila inafaa tukumbuke inavyofanya kazi: vimelea huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, huzaliana humo na kuzipasua, kisha huingia katika nyingine. Dozi ya dawa mseto humalizika kwa siku 3, nayo ni lazima imalizwe hata kama homa imekwisha, lakini damu iliyoharibiwa hurudi polepole, kwa majuma. Ndiyo maana mtu hupimwa akakutwa hana vimelea, akapongezwa na kuambiwa amepona, naye akipanda mwinuko mdogo tu inambidi asimame njiani atafute pumzi. Kati ya kipimo kizuri na nguvu kamili kuna muda ambao hauna jina zuri katika mazungumzo yetu ya kanisani, kwa kuwa tumezoea ushuhuda wenye pande mbili tu, nilikuwa mgonjwa na sasa ni mzima.

Injili ya Marko, sura ya 8, inaujua muda huo. Kipofu wa Bethsaida aliwekewa mikono, akaulizwa kama anaona kitu, akajibu kwa uaminifu kwamba anaona watu kama miti, inakwenda. Bwana hakumkemea kwa imani ndogo, wala hakumwambia akiri uzima asiouona. Alimwekea mikono mara ya pili. Napenda sana kwamba swali liliulizwa na kwamba jibu la nusu lilikubaliwa, maana wagonjwa wengi wanaoinuka wanalazimika kujibu "mzima kabisa" ili wasiwavunje moyo waliowaombea.

Kazi yangu katika ushirika ni kuchora picha za kufundishia watoto wa shule ya Jumapili. Kabla ya kuugua nilikuwa nimeanza ile ya Luka 5, wavuvi na samaki wengi, na nilikuwa nimekusudia mashua zifanane na zile za Kibirizi, zenye taa za kuvutia dagaa usiku, ili mtoto wa hapa aone kwamba Petro alikuwa mtu wa kazi anayoijua. Niliporudi mezani mkono ulikuwa unatetemeka. Mstari wa ukingo wa mashua, ambao zamani ningeuvuta mara moja, sasa ulihitaji kuvutwa kwa vipande vifupi vifupi, kila kimoja kikianzia pale kilipoishia kingine, na baada ya ukingo huo na sehemu ndogo ya wavu macho yalichoka. Niliweka penseli chini na kushukuru. Siku iliyofuata nilichora macho ya wavu peke yake, mengi, na jirani aliyeniletea supu ya migebuka aliyatazama akasema huyo samaki hatoki.

Mchoraji Henri Matisse wa Ufaransa alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo mwaka 1941, na baada yake hakuweza tena kusimama kwa muda mrefu mbele ya turubai. Akachukua mkasi. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, naye alikata maumbo akiwa kitandani au katika kiti cha magurudumu. Msichana aliyemuuguza katika miaka hiyo baadaye akawa mtawa, akamwomba msaada wa kupamba kanisa dogo katika mji wa Vence, na kanisa hilo likawekwa wakfu mwaka 1951. Sisemi kwamba ugonjwa ni mwema. Nasema kwamba Mungu hakusubiri nguvu za zamani zirudi ndipo aipokee kazi ya mikono ile.

Katika siku hizo za kuinuka, alasiri jua likiwa kali, watoto wa dada yangu walikuwa wakinivuta sebuleni. "Mama mdogo, njoo, imeanza!" Ilikuwa ni filamu ya katuni, nasi tuliitazama hadi mwisho, na zilizofuata vilevile. Katika moja kulikuwa na mzee anayevaa kiatu. Alikosa tundu la kamba, akavuta pumzi, akaisogeza miwani, akajaribu tena. Watoto walicheka, nami nilicheka nao, lakini niliitazama ile mikono kwa makini zaidi, kwa sababu ilitetemeka kama wangu.

Katika katuni zinazochorwa kwa mkono, sekunde moja hupitisha picha 24, na mara nyingi mchoro mmoja hushikiliwa kwa picha mbili. Hata kwa hesabu hiyo ya kubana matumizi, dakika moja ya mhusika mmoja huhitaji michoro 720. Katika zile za kompyuta, mashine ndiyo inayokokotoa picha, lakini mtu ndiye anayeamua bega lishuke kiasi gani mhusika anapohuzunika. Mtu nisiyemjua, katika nchi nisiyowahi kufika, aliiangalia mikono ya mzee kwa upendo wa kutosha kuionyesha hivyo, na kazi yake ya subira ikanifikia Kigoma nikiwa dhaifu. Kutoka 31 inasema Bezaleli alijazwa Roho ya Mungu kwa ajili ya ustadi wa mikono, na sioni sababu ya kudhani kwamba Muumba amekoma kugawa ustadi. Nilizoea kuhudumu, katika siku zile nilipewa tu, supu na maombi na kicheko, na nimeona kwamba kupokea bila kuona aibu nako ni ibada.

Wapo wapendwa wanaohofu kwamba mtu mzima, tena mwalimu wa watoto, kukaa mbele ya katuni ni kupoteza muda aliopewa na Mungu. Nawaheshimu, na nakubali kwamba si kila katuni inafaa, na kwamba kioo kinachowaka usiku humnyima mgonjwa usingizi anaouhitaji kuliko kitu kingine. Lakini Mithali 17:22 inasema wazi: "Moyo uliochangamka ni dawa nzuri." Tukiamini kwamba mkate wa tini ulikuwa mkononi mwa Mungu juu ya jipu la Hezekia, basi na kicheko cha alasiri kiko mkononi mwake.

Tena Hezekia hakuficha kitu katika shairi lake. Ameng'olewa kama hema ya mchungaji; amekatwa kama nguo katika kitanda cha mfumaji; analia kama mbayuwayu na kuomboleza kama hua. Nusu nzima ni maumivu, na yeye mwenyewe, akiwa amepona, aliona yafaa kubaki.

Juma hili wamo kati yetu wanaoinuka. Ukienda kumjulia hali mmoja wao, muulize alikuwa akifanya nini kwa mikono yake kabla ya kulala kitandani, iwe ukili, ushonaji au wimbo wa kwaya uliokatika katikati, umpelekee uzi au kalamu bila kumwambia lini amalize. Ukikuta watoto wamemwekea filamu, keti nao. Kisha msomeeni Isaya 38 kwa sauti, na kama anataka kusoma mwenyewe, mpeni, na pumzi ikikatika baada ya mstari wa 14, mwacheni apumzike. Mistari iliyobaki mtaisoma kesho.