Jinsi nilivyoupa jina udongo mweusi wa bondeni

Asilimia 29. Namba hiyo ilinikesha.

Nilikuwa nimechimba shimo la mita moja na nusu bondeni, na kila nilichokiona mle ndani kilitaja udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kung'ang'ania buti wakati wa mvua. Halafu karatasi ya maabara ikaja ikisema mfinyanzi, yaani zile chembe ndogo kuliko zote za udongo, ni asilimia 29. Kwa mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, unaojulikana kwa kifupi kama WRB, udongo hauitwi vetisoli, ndilo jina la kitaalamu la udongo wa mbuga, kama mfinyanzi wake haufiki asilimia 30. Nimekosa kwa moja tu, na mfumo ule haujui kumwongezea mtu alama za huruma.

Kazi niliyokuwa nayo ni kueleza aina moja ya udongo kwa ukamilifu: sura yake shimoni, vipimo vya maabara, hali ya hewa iliyoulea, na mahali unapokaa katika umbo la nchi. Nilifungua mafaili kwenye kompyuta, kila moja na jina lake, nikawa nalijaza moja, nalifunga, ndipo naingia jingine. Sasa naona huo ndio ulikuwa ujinga wangu mkubwa, maana kosa la faili moja lilikuwa linaonekana wazi kwenye faili la jirani yake, na mimi sikuwa nayaangalia pamoja.

Nianze na shimo. Kuanzia kama sentimita 40 kwenda chini, kila bonge nililolibandua kwa ncha ya kisu lilitoka na umbo la kabari. Uso wake ulikuwa laini, unang'aa kama kipande cha sabuni kilichokwisha tumika, na ukiugeuza kwenye mwanga unaona mikwaruzo myembamba imekwenda upande mmoja. Ni alama ya kusuguana. Udongo ukinywa maji huvimba, na kwa kuwa hauna pa kwenda, mabonge husukumana na kuteleza juu ya mengine yakiwa yameegama. Juu ya ardhi nyufa zilikuwa zimekaa kama vigae vilivyopasuka. Nilichukua waya nikauteremsha kwenye ufa mmoja ukazama sentimita 68 kabla haujagota. Rangi ya udongo mbichi kwenye kitabu cha rangi za udongo cha Munsell ilikuwa 10YR 3/1, yaani kijivu kilichokolea sana, karibu na weusi.

Hapo nikaandika daftarini sentensi niliyokuja kuifuta kwa aibu: "Udongo mweusi, wenye mboji nyingi." Maabara ilipopima kaboni ya mboji kwa njia ya Walkley na Black ilipata asilimia 0.9. Ukizidisha kwa 1.724, kama ilivyo desturi, mboji yenyewe inakuwa asilimia 1.6 hivi, kiasi cha kawaida kabisa. Mboji kidogo iliyoshikana barabara na mfinyanzi hutosha kuutia udongo huu weusi wote ule. Nimeshakutana na watu wazima wenye shahada zao wanaokisia rutuba kwa weusi, na siwacheki, kwa sababu nilikuwa miongoni mwao.

Turudi kwenye 29. Kilichonifumbua macho ni kipimo kingine kwenye karatasi ileile: uwezo wa udongo kushika na kubadilishana kationi, yaani chembe zenye chaji chanya kama kalsiamu, uliopimwa kwa amoniamu asiteti kwenye pH 7. Ulikuwa sentimoli 46 kwa kilo. Nikaketi na kikokotoo. Mboji ina mchango wake. Ukiikadiria sentimoli 200 kwa kila kilo ya mboji, asilimia 1.6 inachukua kama 3. Zinabaki 43, na hizo ni za mfinyanzi. Gawanya kwa 0.29 upate uwezo wa kilo moja ya mfinyanzi mtupu: 148.

Smektaiti ya namna hiyo ni vigumu kuipata. Madini haya ya mfinyanzi, ndiyo yanayovimba na kunywea, kwa kawaida huwa kati ya 80 na 120. Kaolinaiti, ndugu yake mtulivu, hukaa chini ya 15. Namba 148 ilikuwa inanieleza kwamba ama uwezo wa kationi umepimwa juu mno, ama mfinyanzi umepimwa chini mno.

Nikaenda maabara na hesabu zangu. Fundi, mzee aliyepima udongo tangu mimi sijajua kusoma, hakutaka hata kuziangalia. "Mwanangu, usiniletee karatasi. Lete udongo tuutie kwenye silinda tuone."

Tukautia. Gramu 50, maji mpaka lita moja, na sodiamu heksametafosfeti ya kuzitenganisha chembe. Kanuni ya kipimo hiki ni nyepesi: chembe kubwa huzama upesi, ndogo hubaki zikielea, na haidromita, kipimio kinachoelea ndani ya maji, inasoma kilichobaki. Sekunde 40 mchanga umeshazama. Baada ya saa 2 kilichobaki kikielea kinahesabiwa kuwa mfinyanzi. Lakini hata nusu saa haikutimia, maji ya juu ya silinda yetu yakaanza kuwa maangavu, na chini yake pakawa na mpaka kama uliochorwa kwa rula. Chini ya mpaka huo udongo ulikuwa umejikusanya vipande vipande, kama maziwa yaliyokatika.

"Inashikana," alisema mzee. "Ina chokaa na chumvi. Hapa haidromita inasoma maji."

Ndivyo ilivyokuwa. Kalsiamu na chumvi zilizoyeyuka zilikuwa zinavuta chembe za mfinyanzi zikae pamoja, zikawa mabonge madogo yenye uzito wa kuzama upesi, na zikahesabiwa mahali pasipo pao. Na kosa lilikuwa langu kwa sehemu kubwa. Shimoni nilidondosha asidi ya haidrokloriki kwenye vijiwe vyeupe vya chini ya sentimita 90, ikachemka na kutoa povu, lakini kwenye fomu ya kupelekea sampuli sikuandika neno "chokaa". Maabara ilipima kama inavyopima udongo wowote.

Tukaligundua na jingine. Haidromita yao imesanifiwa kwa nyuzi 20, chumba kilikuwa na nyuzi 26, na safu ya marekebisho ya joto kwenye karatasi yangu ilikuwa tupu. Kila nyuzi moja inadai kama gramu 0.36 kwa lita. Nyuzi 6 ni gramu 2 na ushee, na kwa sampuli ya gramu 50 hizo ni zaidi ya asilimia 4. Kwa hiyo ningeweza kurekebisha joto peke yake, 29 ikawa 33, nikapita mlango wa WRB nikifurahi. Ningepita na namba ya uongo: 43 ukigawa kwa 0.33 bado unapata 130.

Tuliusafisha udongo kwa maji mara kadhaa mpaka chumvi ikaisha, tukautikisa usiku kucha, tukapima upya. Safari hii silinda ilibaki nyeusi ti mpaka juu. Mfinyanzi asilimia 56. Gawanya 43 kwa 0.56: 77. Hiyo ni smektaiti iliyochanganyika na madini mengine kidogo, jambo ninaloweza kulitetea mbele ya mtu yeyote.

Nilitaka ushahidi wa macho pia. Niliukanda udongo ukawa uji mzito, nikausukuma kwa bomba la sindano lililokatwa ncha, nikatoa vijiti vya sentimita 10. Vilipokauka vilikuwa sentimita 8.8, na viwili vilikuwa vimejikunja kama upinde. Ukichukua kilichopungua ukagawa kwa urefu wa ukavu unapata 0.136. Udongo uliokandwa hunywea kuliko bonge la asili, kwa hiyo namba hii imezidi kidogo, lakini 0.06 tayari huhesabiwa kuwa unyweaji mkubwa.

Kwenye karatasi ileile jumla ya kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na sodiamu ilikuwa 63, wakati uwezo wa kushika ni 46. Hilo halikunitisha: amoniamu asiteti huyeyusha chokaa, na kalsiamu yake inahesabiwa kana kwamba ilikuwa imeshikwa na mfinyanzi.

Umbo la nchi ndilo lililonipa sababu ya yote haya. Nilichimba mashimo mengine mawili kwenye mteremko uleule. La kileleni lilikuwa jekundu, pH 5.4, na kila kilo ya mfinyanzi wake ilikuwa na uwezo wa sentimoli 12 tu, yaani kaolinaiti na oksidi za chuma. La katikati hudhurungi. La bondeni ndilo jeusi letu, pH 8.1. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Tanganyika, ndiye aliyeupa mpangilio huu jina la katena katika miaka ya 1930, kutoka neno la Kilatini la mnyororo. Maji yanayopenya juu hubeba silika, kalsiamu na magnesiamu. Bondeni hayana pa kutokea, yanakaa, yanavukizwa, na shehena yake inabaki. Humo ndimo smektaiti inakotengenezeka.

Ila kompyuta ilikataa. Nilipoweka mashimo juu ya data ya mwinuko ya SRTM, ile iliyopimwa kutoka angani mwaka 2000, shimo la bondeni lilikaa katikati ya mteremko. Nusu siku niliilaumu data hiyo. Kumbe nilizisoma koordineti kwenye ramani ya zamani yenye msingi wake wa vipimo, nikaziingiza kama za WGS84, msingi mwingine unaotumiwa na GPS. Shimo likasogea mita mia kadhaa. Baada ya kurekebisha, bonde likarudi bondeni. Hata hivyo nilijifunza kutoitegemea data hiyo penye tambarare. Makosa yake ya mita kadhaa, pamoja na miti inayohesabiwa kama ardhi, huumeza mteremko wa asilimia moja. Mteremko wa bondeni niliupima mwenyewe kwa kamba na pima maji.

Hali ya hewa nilidhani ingekuwa rahisi: chukua wastani wa mvua wa miaka 30, maliza. Wastani wa mwaka haukunieleza kitu. Nilipoweka mvua ya kila mwezi kando ya uvukizi, uliokadiriwa kwa fomula ya Penman na Monteith ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ndipo nikaona miezi mitatu maji yanazidi, halafu miezi mingi ya upungufu mfululizo. Hapo ndipo pana kiini chake: udongo huu unahitaji kulowa kabisa na kukauka kabisa, kila mwaka. Kituo cha karibu kilikuwa mita 300 juu ya shimo langu, kwa hiyo joto nililiongeza nyuzi 2, kwa kiasi cha nyuzi 6.5 kwa kila kilomita ya kimo.

Mizania ya maji niliyoitumia mwanzoni ilijaza udongo kutoka juu kwenda chini, kama ndoo. Nilikuwepo mvua ya kwanza ilipopiga. Maji yalikimbia juu ya ardhi, yakafika kwenye ufa, yakatumbukia humo yakinguruma. Kesho yake nilichimba kwa kekee: sentimita 20 za juu zilikuwa zimelowa kidogo, kati pakavu, na kwenye sentimita 60 tope. Hesabu ya ndoo niliitupa, nikatumia siku nilizokwenda kupima nyufa kwa rula. Zilikaa wazi zaidi ya siku 90 kwa mwaka.

Basi nikauandika: vetisoli, na sifa ya peliki kwa sababu ya rangi. Nilitamani kuongeza kalsiki, sifa ya udongo wenye chokaa nyingi, vile vijiwe vyeupe vilinivutia. Lakini chokaa ilikuwa asilimia 9, na mfumo unataka 15. Safari hii sikwenda kumsumbua mzee wa maabara.