Stempu za Lushoto zilivyonifungulia mlango Bethel

"Wewe nenda kabishe hodi tu, watakukaribisha." Ushauri huo nilipewa na Mtanzania mwenzangu aliyekaa Ujerumani miaka mingi, na nusura uniharibie safari. Nilitaka kuona wenzetu wanavyoishi na watu wenye ulemavu, kwa sababu mdogo wangu ana kifafa, na kwa miaka tulimficha chumbani kila wageni walipokuja.

Nikaanza na makao fulani ya watu wenye ulemavu, mji mwingine wa Ujerumani. Nimevaa vizuri, vitenge vya zawadi mkononi, mvua inanyunya. Muuguzi akafungua mlango nusu. Una miadi? Sina. Nyuma yake mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu akanipungia mkono, nami nikampungia, mlango ukafungwa. Nilikasirika sana. Usiku ndipo nikakubali: pale ni nyumbani kwa yule mzee. Hata mimi nisingemruhusu nisiyemjua aingie kwangu kutazama watu.

Bethel, kituo cha kanisa pale mjini Bielefeld, niliiendea kwa adabu. Ilianzishwa 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa, na sisi wa Usambara tunaijua tangu enzi za mababu kwa wamisionari wake. Barua ilipitia kwa mchungaji, mapema, nikieleza mimi ni nani na kwamba sitapiga picha. Viza ilikula euro tisini hivi, mbali na nauli za kwenda na kurudi Dar.

Lakini kilichonibeba ni stempu. Bethel kuna karakana ambako watu wenye ulemavu huchambua stempu zilizotumika, kisha zinauzwa kwa wakusanyaji. Nikakusanya bahasha kuukuu za usharika, za shule, za mjomba mstaafu wa posta. Mdogo wangu ndiye aliyezikata, taratibu, akiacha ukingo wa karatasi wa kama sentimita moja, maana vile vimeno vya pembeni vikikatika stempu haina kazi tena. Zilijaa mfuko wa sukari.

Treni ya mjini namba 1 ilinishusha palepale. Mezani, bwana mmoja mwenye mkasi aliinua stempu ya tembo, akaisogeza kwenye taa, akauliza nani kaikata vizuri hivi. Mwenyeji wangu akatafsiri. Nikamwambia ni mdogo wangu, ana kifafa.

"Hata mimi," akasema, akavuta kiti cha jirani yake ili niketi.