Kasida njia ya Shela

Jana mwanangu kaniuliza mbona nikimaliza ngazi hujishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili. Nahesabu mapigo, nikamwambia. Yeye akaridhika, mimi nikabaki na Shangazi.

Alikuwa na miaka 58. Kila alfajiri ila Ijumaa tulitoka Langoni, Lamu, tukafuata pwani hadi Shela, dakika 40, naye akivuta kasida njia nzima. Kwenda tu, dakika 240 kwa wiki, na Shirika la Afya Duniani lataka 150 hadi 300 za mwendo wa wastani. Miezi mitatu, na bado ngazi za nyumbani zikimkata pumzi. Jibu lilikuwa ile kasida, nami siku zote hizo sikuitia maanani: kwenye mwendo wa wastani mtu huweza kuzungumza, kuimba hawezi.

Siku nilipong'amua hilo nikamwomba tukaze mwendo. Tulipofika Shela nikampitisha mchanga mkavu, upande wa matuta. Kosa langu. Mchanga ule humeza mguu, kila hatua ni kujing'oa upya, na mwendo uleule hudai nguvu kama maradufu. Hata dakika tano hatukumaliza.

"Ngoja... mwanangu."

Neno, pumzi, neno. Buibui limemganda mgongoni, mkono mmoja kiunoni, wa pili nimeushika mimi, vidole vyangu viwili vikiteleza kwa jasho upande wa dole gumba lake. (Usipimie dole gumba lako, lina mapigo yake.) Sekunde 15, mapigo 38. Mara nne, 152 kwa dakika. Ukitoa umri kwenye 220 unapata kilele cha mapigo kwa dakika, cha kukadiria, kwake 162. Mwendo wa wastani ni asilimia 64 hadi 76 ya hapo, yaani mapigo 26 hadi 31 kwa sekunde 15. Alitaka kuketi, nikamzuia: ukikatiza mwendo ghafla damu hubaki miguuni, kizunguzungu kikakuangusha. Tukajikokota hadi pumzi ikamrudia.

Maji yalikuwa yamekupwa. Tukarudi kwa mchanga mbichi, mgumu, nikahesabu 29, naye akanigombeza kwa sentensi nzima nzima.

Ngazi alikuja kuzipanda bila kusimama. Kasida akaihamishia dakika tano za mwisho, tukipunguza mwendo kuingia mjini, na mara nyingi hazikutosha kuimaliza. Hilo bado laniuma.